Sindano na uzi kwa watoto wa Waromania wa Torino

Hapa Torino Waromania wako kila mtaa. Katika Italia nzima ndio wahamiaji walio wengi zaidi, kama milioni moja, na idadi yao ilipanda sana nchi yao ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Nilizoeana nao kazini, maana katika sisi tunaotunza wazee majumbani, wao ni wengi.

Mama mmoja wa Bucovina, eneo la kaskazini mwa Romania, ndiye aliyenionyesha ia, blauzi ya kitani aliyoidarizi mama yake. Mimi ni mtu wa Lamu, nimelelewa na nyanya aliyeshona kofia za viua, kwa hiyo nilitambua mara moja kazi iliyomo. Begani ndipo penye mambo. Darizi ya hapo huitwa altiță, na nakshi yake hairudiwi popote pengine kwenye nguo. Chini yake hupita ukanda wa rangi moja, kisha mistari ya maua inateremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza sanaa hii kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa niaba ya Romania na Moldova. "Lakini binti yangu haitaki hata kuijaribu," mama akaniambia.

Tukakubaliana kuwafundisha watoto kudarizi. Wenzetu wengine walipendelea jukwaa, vipaza sauti na kikundi cha ngoma. Mimi nilishikilia meza na sindano. Mtoto anayetazama ngoma hupiga makofi akaenda zake. Aliyejichoma kidole kwa ajili ya ua moja atataka kujua nyanya yake aliwezaje kushona bega zima. Bado ninaamini hivyo.

Kupata siku kulitusumbua. Mtunza wazee hapa kwa kawaida hupumzika Alhamisi mchana na Jumapili, na Jumapili ibada ya Kiorthodoksi ni ndefu. Tukaomba ukumbi wa palepale wanaposali, tukawa tunaanza watu wakishakula. Fedha tulichangishana, kwani ofisi tuliyoiandikia barua haikujibu. Kila mtoto alipewa kitambaa cha ukubwa wa kiganja, uzi mwekundu na mweusi, basi. Blauzi nzima ni kazi ya miezi. Tena mishono hii haichorwi kwanza: unahesabu nyuzi za kitambaa moja moja, na ukiruka moja tu, ua zima linakaa upande.

Majirani wasio Waromania walivutwa na Machi mosi, siku ya mărțișor. Ni uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, unavaliwa kifuani au mkononi kuyapokea majira ya machipuko, na mwezi ukiisha wengi huufunga kwenye tawi la mti. Mwalimu mmoja akaturuhusu kuingia darasani kwake. Watoto wa Kimoroko, Kichina na Kiitaliano walisokota, na waliowaelekeza ni wenzao Waromania. Yule binti wa mama wa Bucovina alisimama akaeleza kila kitu mwenyewe, kuanzia rangi mpaka tawi, bila kumtazama mama yake hata mara moja.

Sasa tunajiandaa kwa tarehe 24 Juni, siku ya ia, ambayo Waromania huivaa popote walipo. Binti amekubali kuvaa ile ya nyanya yake. Mimi natafuta kitani cha kufumwa kwa mkono kwa bei nafuu, kwa sababu cha madukani nyuzi zake ni nyembamba mno, macho ya mtoto hayawezi kuzihesabu.