Hayafanyi kazi?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno letu wiki hii ni Mathayo 6:28: "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo, hayafanyi kazi, wala hayasokoti."

Nimelileta msimu huu kwa makusudi. Mvua zimeshika, na huku kwetu Uporoto mazungumzo ya nje ya kanisa ni mbolea tu: nani kapata, nani bado, mfuko umefika bei gani. Mimi mwenyewe nimewahi kusali Baba Yetu huku nikipiga hesabu ya mifuko.

Basi nikakumbuka Kitulo. Akina mama tulipanda huko kupitia Chimala, kwenye zile kona 57 za kwenda Matamba (tulianza na mapambio, kufika kona ya kumi kila mtu kimya, kashika tumbo). Juu kule, kama mita 2,600, ndiyo hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua ya okidi peke yake yapo aina 45. Simu zote zikaelekea kwenye okidi.

Mimi niliinama kufunga kamba ya kiatu, ndipo nikaiona klova ya mwitu: majani matatu matatu, kichwa cha vijiua vya zambarau kisichozidi ncha ya kidole gumba. Hakuna aliyeipiga picha. Iko jamii ya mikunde, ndugu wa njegere zetu. Klova nyingi za milimani ni za kudumu: baridi ikiyababua majani, mzizi unabaki chini ukingoja mvua. Ile ya milima ya Alps, Ulaya, ina mzizi mrefu, mgumu kama mti, na mtamu ukiutafuna.

Kwenye hifadhi hung'oi kitu. Lakini ng'oa njegere shambani kwako uone mizizi: ina vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa hai, ndani ni chekundu kama nyama. Humo wanaishi bakteria wa udongoni. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, ileile tunayoifuata dukani kwenye mfuko wa urea. Hindi limezungukwa nayo usiku na mchana na bado linageuka njano kwa njaa, maana haliwezi kuila ikiwa hewa. Njegere nayo haiwezi. Klova haiwezi. Wanaoweza ni wale bakteria. Mmea unawapa nyumba na sukari, wao wanaigeuza hewa kuwa chakula.

Zamani mstari huu ulinikwaza kidogo. Hayafanyi kazi, wakati mkulima anaamka saa kumi na moja? Sasa nausoma hivi: ua halikuambiwa litengeneze naitrojeni. Lilipewa mzizi wa kukaribisha mgeni, na mgeni ndiye mwenye uwezo. Sisi tunataka tuwe hindi na kiwanda cha mbolea kwa wakati mmoja, ndiyo maana tunakosa usingizi. Simwambii mtu aache kununua mbolea, nami nanunua. Nauliza tu, ndani yako umemwachia Bwana nafasi kiasi gani, au kila chumba kimejaa hesabu?

Halafu kuna hili. Nilipoolewa, msimu wa kwanza tulipomaliza kuvuna njegere, kabla ya kupanda viazi, nilianza kung'oa mabua ili shamba liwe safi, nionekane mkwe mchapakazi. Mama mkwe akanishika mkono. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, na neno naitrojeni sijalisikia kinywani mwake mpaka leo.

"Kata, mwanangu, using'oe," akasema. "Hiyo mizizi ni ya viazi."