Mfanyabiashara wa Ogden aliyekabidhiwa benki kuu

Nimerudi Marangu kwa kudumu. Mizigo imefika, na mama amenizungusha kihamba kizima, yaani shamba letu la ukoo, akinionyesha masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, moja baada ya jingine, kwa sababu nimekaa mbali miaka mingi na majirani wamebadilika. Wanaokuja kunisalimu wananiuliza habari za Marekani, na kila mara najikuta namzungumzia mtu mmoja ambaye sikupata kumwona kwa macho, kwa kuwa alifariki mwaka 1977. Anaitwa Marriner Eccles. Kaka yangu ameshachoka kumsikia. Basi nayaandika hapa yote, anayetaka asome.

Niliishi Ogden, mji wa jimbo la Utah uliokaa chini ya milima ya Wasatch. Jina la Eccles pale liko kila upande, kwenye majengo na kumbi za mikutano, na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Utah ina jina la baba yake. Kule Washington, jengo la makao makuu ya Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, linaitwa kwa jina lake tangu 1982. Nilipoanza kusoma uhasibu jioni, baada ya zamu ya ghalani, nikaona haifai kupita mbele ya jina kila siku bila kumjua mwenye jina.

Baba yake, David Eccles, alitoka Scotland mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 14, familia hohehahe, mzee wao fundi wa mbao aliyekuwa karibu kupofuka. Akakata magogo, akajenga viwanda vya mbao, akaingia kwenye sukari, reli na benki, mpaka akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Utah. Alikuwa Mormoni, muumini wa kanisa lenye nguvu Utah, wa zama zile, mwenye wake wawili na watoto 21. Marriner alizaliwa Logan mwaka 1890, kifungua mimba wa mke wa pili.

Mzee hakuwalea watoto kwa mkate wa bure. Marriner alipofika miaka 8 aliwekwa kufanya kazi kiwandani kwa senti 5 kwa saa. Alipofikisha akiba ya dola 100, baba yake akamuuzia hisa moja ya kampuni ya mbao kwa dola hizo hizo 100. Akiwa na miaka 11 tayari ni mwenye hisa. Shule aliishia sekondari. Akaenda Scotland kufanya kazi ya umisionari wa kanisa lao, akarudi, na mwaka 1912 baba yake akafa ghafla bila kuacha wosia. Kijana wa miaka 22 akabebeshwa mama na wadogo zake wanane.

Wapo watakaosema aliyerithi hajajitengeneza. Mimi siko nao. Urithi uligawanywa kati ya nyumba mbili, na nyumba ya mke wa pili ilipata sehemu ndogo. Kilichofuata ni kazi ya Marriner mwenyewe. Mwaka 1916 aliunda kampuni ya uwekezaji ya familia, akanunua benki za miji midogo, na mwaka 1928, pamoja na familia ya Browning, akaziunganisha chini ya First Security Corporation, mojawapo ya kampuni za mwanzo Marekani kumiliki benki nyingi kwa pamoja. Sisi Wachaga tunajua vizuri urithi usioshikwa na mtu mwenye akili unavyoyeyuka kabla matanga hayajaanuliwa.

Sasa nifike kwenye siku ninayoipenda kuisimulia. Mdororo Mkuu wa uchumi umeshaanza, benki zinafungwa kila mahali. Majira ya joto ya 1931, benki nyingine kubwa ya Ogden imeshindwa na asubuhi haitafungua milango. Eccles anajua kwamba watu wakikuta mlango ule umefungwa watahamia kwake. Anawaita wafanyakazi mapema na kuwapa maagizo. Tabasamuni, ongeeni kama siku nyingine yoyote. Anayekuja kutoa akiba alipwe, lakini kila sahihi itafutwe kwenye kadi yake hata kama mteja ni jirani yako, na malipo yawe kwa noti ndogo ndogo, zihesabiwe taratibu. Saa zikapita. Ukumbi ukajaa, jasho na hofu. Yeye akijua kwamba fedha iliyopo haitoshi kumlipa kila mtu, kama isivyotosha kwenye benki yoyote duniani, kwa kuwa fedha ya wateja iko mikononi mwa wakopaji.

Ndipo likafika gari la fedha lenye walinzi wa silaha, kutoka tawi la Federal Reserve la Salt Lake City. Eccles akapanda juu ya kaunta ya marumaru, akawatangazia watu kwamba benki haitafungwa saa ya kawaida, itabaki wazi mpaka wa mwisho ahudumiwe, na kwamba fedha imeletwa na huko ilikotoka ipo nyingine nyingi. Baadaye aliandika kwamba maneno yale yalikuwa kweli, ila hakuwaambia kuwa hiyo nyingine haikuwa yake. Kesho yake akageuza maagizo: fungueni mapema, lipeni upesi kadiri mnavyoweza, mteja asikute foleni. Aliyekuja na hofu akaona keshia anamsubiri yeye, hofu ikamtoka. Katika miaka yote ya mdororo, hakuna mteja wa benki zake aliyepoteza akiba.

Mtu mwingine angeishia hapo na kujisifu maisha yake yote. Eccles aliokoka, halafu akaanza kujiuliza kwa gharama ya nani. Ili benki yake iwe na fedha taslimu, alikuwa amewabana wakopaji walipe. Mfugaji akauza kondoo na ng'ombe, mkulima akauza ngano, wote wakati mmoja, bei ikaanguka, deni lile lile likawa zito zaidi kuliko jana. Kila benki ilikuwa inafanya hivyo, na kila benki ilikuwa inafanya sawasawa kama mafunzo ya benki yanavyotaka. Kwa jumla walikuwa wanaliua soko lililowalisha. Mtu aliyefundishwa na baba yake kwamba deni ni balaa na akiba ndiyo fadhila, akafika mahali pa kusema: kwa mtu mmoja ni kweli, kwa nchi nzima siyo, na watu wote wakibana matumizi kwa siku moja hakuna atakayeuza.

Februari 1933 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti. Wakuu wa benki kubwa waliotangulia walishauri serikali ipunguze matumizi. Yeye, mtu wa benki wa kutoka milimani asiye na shahada, akawaambia serikali ikope na itumie, iwape kazi wasio na kazi, iwasaidie wakulima wenye mashamba yaliyowekwa rehani, na matajiri walipe kodi zaidi. Hoja yake aliielezea kwa mfano wa mchezo wa karata. Fedha zote zikiishia kwa wachezaji wachache, wengine wanabaki mezani kwa kukopa tu, na mkopo ukikoma mchezo unakufa, hata kwa yule aliyeshinda. John Maynard Keynes, mchumi wa Uingereza anayejulikana kwa hoja kama hizo, alikuwa bado hajatoa kitabu chake kikubwa, kilichotoka 1936. Eccles alisema hakujifunza hayo kwa Keynes. Aliyaona Utah, kwenye daftari zake mwenyewe.

Rais Roosevelt alipotaka kumkabidhi benki kuu mwaka 1934, Eccles alisema hawezi kuichukua kazi hiyo kama sheria haitabadilishwa. Ikabadilishwa, baada ya kuvutana na Seneta Carter Glass, aliyejihesabu kuwa mzazi wa mfumo uliokuwepo. Sheria ya Benki ya 1935 iliyaondoa mamlaka makubwa kwenye benki za mikoa, hasa ile ya New York iliyokuwa karibu na wenye fedha, ikayaweka kwenye bodi ya Washington. Ikamtoa Waziri wa Fedha ndani ya bodi hiyo pia. Eccles akawa mwenyekiti, na akakaa mpaka 1948.

Si kwamba kila alilogusa lilipona. Mwaka 1936 na 1937 bodi yake ilizitaka benki ziongeze akiba ya lazima, yaani fedha wasizoruhusiwa kukopesha, hadi kufikia maradufu, kwa kuogopa mfumuko wa bei uliokuwa haujafika, na serikali nayo ikabana bajeti. Uchumi ukaanguka tena mwaka 1937. Wachumi wengi wanaiweka lawama sehemu yake kwake, na naona wana haki. Mtu aliyeuona ubaya wa kubana kabla ya wengine wote, naye alibana mapema mno.

Wakati wa vita alikubali riba zishikwe chini ili serikali ikope kwa urahisi. Vita vikaisha, bei zikapanda, na Wizara ya Fedha ikataka riba zibaki pale pale. Eccles akakataa. Mwaka 1948 Rais Truman hakumteua tena kuwa mwenyekiti, bila kueleza sababu. Wengi wangeondoka. Yeye akabaki kama mjumbe wa kawaida wa bodi aliyokuwa akiiongoza, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko pale juu ya kaunta. Januari 1951 Truman aliwaita Ikulu wajumbe wa kamati inayopanga riba, kisha Ikulu ikatangaza kwamba wamekubali kuendelea kuzishika riba. Hawakuwa wamekubali. Eccles akatoa kumbukumbu ya kikao kwa waandishi wa habari. Machi 1951 yakafikiwa makubaliano kati ya Wizara ya Fedha na Federal Reserve, na benki kuu ikapata uhuru wa kuamua mambo yake. Miezi michache baadaye akajiuzulu, akarudi Utah kwenye biashara zake.

Nikiwasimulia hayo wazee wa hapa, jina linalowajia mara moja ni Edwin Mtei, na wako sahihi. Mtoto wa Marangu hii hii, aliyechunga mbuzi utotoni, akalelewa na mama peke yake, akapita Makerere, akawa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango Juni 1966 na kutoa shilingi yetu. Mwaka 1979, akiwa Waziri wa Fedha, nchi imetoka kwenye vita vya Kagera na hazina ni tupu, hakukubaliana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu. Akaenda kulima kahawa Tengeru, Arusha. Walikuwa na mitazamo tofauti, na Mtei hakuanzia kwenye biashara, alimalizia huko. Lakini wote wawili walikuwa na mahali pa kurudi. Naamini hilo linasaidia sana mtu wa cheo kusema hapana. Asiye na shamba wala duka hulinda kiti.

Na kwa nini nayaleta haya sasa. Msimu uliopita chule buni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ilitupiga, kahawa iliyofika mnadani ilikuwa kidogo, na SACCOS yetu ikajikuta na wanachama wengi waliochelewesha marejesho. Kwenye kikao kamati ikapendekeza mikopo yote iitwe, na dhamana zikamatwe. Dhamana kubwa huku ni ng'ombe. Niliomba kusema. Nikawauliza: ng'ombe wote hao wakipelekwa sokoni Mwika wiki moja, watanunuliwa na nani, na kwa bei gani? Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Mwanangu, na akina mama wanaotaka akiba yao ya ada Januari tuwape nini?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko langu, na Eccles angekiri. SACCOS haina mamlaka ya benki kuu. Haichapishi noti na hakuna gari litakaloshuka Himo na fedha. Iko mahali ilipokuwa benki ya Ogden mwaka 1931, na yeye mwenyewe, alipokuwa mahali hapo, aliwabana watu. Alichojifunza ni kwamba mdogo hawezi kuacha kubana bila mkubwa kusimama nyuma yake. Kwa hiyo sikuwaambia tusamehe madeni. Niliwaambia tutenganishe mwenye kahawa mtini na mkaidi asiyetaka kulipa, na kabla ya kugusa ng'ombe hata mmoja twende benki tukaombe mkopo wa muda mfupi wa kulipia ada za Januari, tukiweka mavuno yajayo mezani.

Ilibishaniwa mpaka giza. Mama mdogo, ambaye ni mjumbe wa kamati, alitaka majina yasomwe hadharani, jambo lililozua ugomvi mwingine kabisa. Mwishowe orodha ikagawanywa, wenye kahawa wakaongezewa muda hadi mavuno, na watatu wakateuliwa kwenda benki, mimi nikiwa mmoja wao kwa sababu najua kuandaa mahesabu. Ng'ombe wako bandani.

Tulipokuwa tunatawanyika mweka hazina akanishika mkono, akaniuliza kama ile benki ya Eccles ipo hadi leo. Nikamwambia iliendelea kwa miaka mingi baada ya kifo chake, hadi mwaka 2000 iliponunuliwa na Wells Fargo. Akaniuliza kama wateja walilipwa. Nikamwambia walilipwa.