Usiku wa mvungunya

Jumamosi, saa tano na nusu usiku. Umeme umekatika, nami nimekaa kibarazani nikiutazama mti niliokuwa nimeuchukia kwa miaka.

Kisa ni gari. Siku moja niliegesha chini ya mvungunya, tunda likadondoka na kuibonyeza boneti kama sufuria ya bati. Lilikuwa refu kama mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya vidole, na zito ajabu. Fundi aliponiuliza nimegongana na nini, nikaona haya kumjibu.

Wengine huuita mwegea. Wataalamu, Kigelia africana. Mchana huoni la maana zaidi ya kivuli na yale matunda kama soseji za majitu. Usiku ni habari nyingine. Maua yananing'inia kwenye kamba ndefu, mbali na majani, yamefunguka: vikombe vyenye rangi ya damu iliyoganda, midomo imekunjamana. Harufu yake si ya kumpelekea bibi harusi. Popo ndio wanaoipenda. Sasa hivi mmoja amelikumbatia ua, akazamisha kichwa, akaruka kabla sijahesabu tatu. Kumbe zile kamba ni njia yake, asije akagonga matawi! Na mimi kila asubuhi nayafagia maua yaliyoanguka huku nikinung'unika.

Bibi yangu hakununa. Alilikata tunda vipande, akavianika, akatwanga, na unga wake akaunyunyiza kwenye vidonda na ukurutu. "Lakini mdomoni, mjukuu wangu, hapana." Alijua: tunda bichi huchubua mdomo na kuharisha vibaya. Hata Wakikuyu, wanaouita mti huu mũratina, hulikausha kwanza tunda ndipo walitie kwenye pombe ya asali yenye jina hilo hilo. Siku hizi naona mvungunya umeandikwa kwenye vichupa vya krimu za ngozi. Bibi hakuuza hata kijiko.

Ajabu ni kwamba tukitaka mti wa kupamba ua tunakimbilia jakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini, tena wa familia moja na huu. Uzuri wake uko mchana, labda ndiyo sababu.

Gari nimelihamishia upande wa pili. Popo amerudi, au ni mwingine.