Kidonge si cha shughuli

Siku daktari alipotuandikia risperidoni alituambia wazi kwamba usonji hauna dawa. Kidonge hiki hakitamfundisha mwanangu kuongea wala kumfanya apende kukaa na watu. Kazi yake ni kupunguza zile hasira za kujing'ata mikono na kujigonga kichwa ukutani hadi paji linavimba. Marekani waliiruhusu kwa ajili hiyo mwaka 2006, kwa watoto wenye usonji wa miaka 5 hadi 16, na mwaka 2009 ikafuata dawa nyingine ya aina hiyo, aripiprazoli.

Imemsaidia, siwezi kuikana. Vidonda vya mkononi vimekauka. Jioni anakaa barazani kupanga makombe tuliyookota ufukweni Shangani, madogo kwa makubwa, mstari unafika hadi mlangoni na hataki mtu auguse.

Lakini njaa yake! Akimaliza sahani yake anahamia ya dada yake, na usiku namkuta jikoni gizani, mkono umezama kwenye sufuria ya ming'oko. Kaptula za shule hazifungi tena. Ndiyo maana kliniki humpandisha kwenye mizani kila tukienda, na sukari wanampima. Mzazi mwenzangu, kama mwanao anatumia dawa hii na hajawahi kupimwa uzito, uliza. Usione haya.

Sasa wifi yangu wa Newala anamtoa mwali, na jana akanipigia: "Wifi, siku hiyo si umwongezee kidonge kimoja alale, watu wacheze kwa raha?" Ana nia njema, anampenda mtoto. Ila usingizi ulinipaa. Dozi ile daktari ameipanga kwa uzito wake; ukiizidisha kiholela anaweza kukakamaa shingo na misuli, achilia mbali kusinzia kutwa. Na kinachomuumiza pale ni ngoma masikioni mwake. Kidonge hakipunguzi ngoma, kinamnyang'anya tu nguvu ya kutuonyesha kwamba anaumia.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mwaka huu alivurugika ghafla, akawa anajipiga shavu, majirani wakasema dawa imeisha nguvu, aongezewe. Daktari alimfungua mdomo kwanza: gego lilikuwa limetoboka. Likang'olewa, akatulia kwa dozi ileile. Tungeongeza kidonge, jino lingeendelea kuoza na yeye angekuwa amekaa kimya nalo. Tangu hapo, kabla ya kuomba dawa zaidi naangalia meno, masikio, choo chake, na amelala vipi.

Leo nimempigia wifi. Nimemwambia kidonge hakiongezwi. Tutafika Jumamosi asubuhi ngoma zikiwa zimepumzika, mtoto amtunze mwali kwa mkono wake mwenyewe, kisha baba yake atapanda naye basi la kurudi Mtwara mchana. Mimi nabaki kucheza. Wifi amekubali, na ameahidi kututafutia chumba nyumba ya tatu kutoka uwanjani, endapo basi litachelewa.