Siku motari alipokuwa mzigo

Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na ni mwaka wa saba sasa naegesha mbele ya geti la hospitali moja hapa Goma. Wanaotoka nawajua kwa mwendo. Aliyeng'olewa jino anashika shavu. Mama aliyejifungua anatembea kama ardhi ni mayai. Anayekimbia fakti, hesabu ya kulipa hospitali, hatembei kabisa, anaruka.

Mwezi uliopita niliingia mimi, kutolewa chuma cha mkono wa kushoto. Nilikipata 2022 baada ya kugongana na Fuso, na dokta alisema mfupa umekwisha kushika, chuma kitoke. Kazi ndogo, akasema: asubuhi unaingia, jioni uko kwako. Nikaja peke yangu. Mke wangu, Mama Neema, nilimwambia tu asinifungie mlango.

Muuguzi akaniuliza, "Papa, jioni nani anakuja kukuchukua?"

"Mimi ni motari. Wenzangu kumi na wawili wako hapo getini."

Hakucheka. Alifunga daftari lake, akaenda kumwita mtu wa dawa ya usingizi.

Huyo alikuwa kijana mpole, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Kwanza akauliza nilikula saa ngapi. Ugali na sambaza, wale samaki wadogo, saa mbili usiku; maji kidogo saa kumi na moja alfajiri. Akahesabu kwa vidole: chakula kipite masaa sita, maji matupu masaa mawili, sawa. Mtu akilazwa usingizi tumbo lina kitu, kitu hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Halafu akaja kwenye lile la muuguzi.

"Papa, dawa yangu haiondoki siku unapofungua macho. Utaamka, utaitika, utajiona mzima. Lakini mkono utachelewa, na akili itachelewa kuliko mkono. Mpaka kesho saa kama hii usiendeshe chochote, usinywe pombe, usikae kwenye moto kupika, usitie saini karatasi. Na mtu mzima alale nyumbani na wewe. Kama mtu huyo hayupo, leo sikulazi."

Nilinyamaza, si kwa sababu ya maneno yake. Nilikumbuka kijana mmoja niliyembeba kutoka geti hilo hilo, bandeji shingoni. Alijibu vizuri, alitaja mtaa vizuri, hata bei alipunguza vizuri. Tulipoacha lami alianza kulala mgongoni mwangu. Nikamwambia, "Kaa sawa, bwana!" Akakaa sawa. Baada ya dakika akaenda upande kama gunia lililokatika kamba, tukaanguka wote wawili polepole. Goti lake lilichubuka. Yeye alikuwa anacheka. Nilidhani amelewa. Nilichukua franga zangu nikamwacha amekaa juu ya jiwe.

Nikampigia simu Mama Neema. Aliacha meza yake soko la Virunga kwa jirani, akaja na kaka yake.

Operesheni yenyewe sina cha kusimulia. Dawa nyeupe kama maziwa iliingia kwenye mshipa, mkono ukapata baridi, nikahesabu hadi nne. Tano sijaiona mpaka leo. Niliamka natetemeka kama niko Lubero, kule kwenye baridi, usiku, koo linaniuma kama nimemeza kokoto. Walisema ni ule mrija wa kupumulia. Hawakunifungulia mlango mpaka nimekunywa maji yakakaa tumboni, nimesimama bila kizunguzungu, na nimekojoa. Ndiyo, wanauliza, na wanaandika.

Saa tisa alasiri nilijiona nina akili kuliko watu wote wa Kivu ya Kaskazini.

Getini wenzangu wakapiga kelele. Mmoja akawasha: "Panda, mzee, leo bure!" Nami mguu nilikwisha kuunyanyua. Mkono ukanishika shati nyuma.

"Papa Neema, shusha huo mguu."

Shemeji alikuwa amekodi teksi, dola 5 hadi Majengo, sisi peke yetu. Wanasema nilibishana na dereva nikamwambia nitamlipa kwa zaire, pesa iliyokufa 1998. Hilo silikumbuki. Ninachokumbuka ni kutapika ndani ya sashe, mfuko wa plastiki, na Mama Neema kunifuta mdomo kwa kitenge chake kama mtoto.

Mtu asiye wa hapa hajui vichochoro vyetu. Ni lava ya volkano yetu Nyiragongo, ile ya 2002, imekuwa mawe yenye meno. Dereva alifika mwisho wa barabara nzuri akakataa: matairi yake. Tukashuka. Kutoka pale hadi kwangu ni kama metre mia mbili, mimi huzipita nikijibu simu. Siku ile tulitumia nusu saa, shemeji upande mmoja, Mama Neema upande mwingine, mkono umefungwa shingoni. Kila jiwe lilikuwa mbali kidogo kuliko nilivyoliona. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo motari amelewa mchana."

Jioni patroni wangu akafika na karatasi. Pikipiki ni yake, mimi namletea verseman, yaani hesabu yake, kila wiki. Alisema ni mkataba ule ule, saini tu, ana haraka. Nilinyoosha mkono wa kulia kuchukua kalamu. Mama Neema alikuwa anakoleza mbabula, jiko la makaa, uani; aliingia na pepeo yake mkononi, akasema papa haandiki kitu mpaka kesho kutwa. Patroni alinuna, chai hakuigusa. Niliposoma siku ya tatu, verseman ilikuwa imepanda dola 10. Ningesaini. Saa ile ningesaini hata kuuza nyumba ya mama mkwe.

Simu pia Mama Neema alininyang'anya, ila kwa kuchelewa. Mdogo wangu wa Bukavu bado ana sauti yangu kwenye WhatsApp, nikimwahidi kwa machozi kumpa pikipiki. Pikipiki ya patroni!

Usiku aliniamsha mara mbili kuangalia vidole, kwa kuwa aliambiwa vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi turudi usiku huo huo. Vidonge vya maumivu alivikalia yeye, saa ameziandika juu ya boksi. Choo chetu kiko nje, ngazi tatu za mawe. Nilimwambia naenda peke yangu. Alikuja na tochi bila kujibu, na kwenye ngazi ya pili nikamwangukia.

Nimerudi kazini juzi. Mchana akatoka mzee mmoja, pamba kwenye jicho, karatasi ya dawa mkononi, anatembea vizuri mno. Nikamuuliza, "Papa, wamekulaza usingizi? Uko na nani?" Akaniambia niangalie mambo yangu, akapanda kwa mwenzangu.

Niliwasha nikawafuata polepole mpaka Ndosho. Hakuanguka. Jioni mwenzangu akanijia amekasirika, anataka kujua kwa nini nilikuwa namwinda mteja wake.