Kodi inaisha, kiwanja bado: kwa nini tunalipa mwaka mzima

Kodi yetu inaisha mwisho wa mwezi huu na mama mwenye nyumba kashasema, bei inapanda. Tunakaa Kimara, vyumba viwili na sebule, choo ndani, LUKU yetu wenyewe, tulikuwa tunalipa laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita miezi sita kama watu wengi hapa Dar. Sasa anataka laki tatu. Ila nilipomfuata kumsalimia na kuongea nae taratibu akaniambia mwanangu, mkinipa ya mwaka mzima kwa mpigo mi siwaongezei, tubaki na ileile ya zamani. Yaani milioni 3 cash.

Shida ni kwamba tunaweka hela ya kiwanja. Tuna milioni 7 UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa Ukwasi (tuliuchagua kwa sababu ukihitaji hela haikai sana kutoka), na pembeni tuna ile milioni moja na nusu tuliyoitenga kwa ajili ya kodi. Kulipa mwaka mzima maana yake tuchomoe milioni moja na nusu nyingine kwenye hela ya kiwanja, na hapo ndo mimi na baba watoto tulipopishana kwa muda.

Yeye alikuwa na hoja na sio hoja mbaya. Kuna dalali ana kiwanja maeneo ya Visiga, ukishapita Kibaha mjini, mita 20 kwa 20, milioni 7 kamili. Mume wangu anasema tukinunue sasa hivi, alafu tutafute chumba na sebule cha bei nafuu hukohuko Kibaha tuhamie tujibane, tuanze msingi mdogomdogo, kwa sababu kila kodi tunayolipa tunamjengea mtu mwingine. Hii sentensi kila aliyepanga ameshaisikia, kwenye vikao vya familia, kwenye harusi, hadi kwenye misiba. Na inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake.

Ila mi nikakaa nikafikiria hivi, tukinunua kiwanja kesho, tutalala wapi kesho kutwa? Kiwanja hakiondoi kodi. Baada ya kiwanja kuna msingi, kuna tofali, kuna nondo, kuna kupaua ambako ndo kunamaliza watu, na hata wale wanaohamia bila plasta wala siling bodi, madirisha yamezibwa na turubai, bado inawachukua muda mpaka wafike hapo. Kwa kipato chetu ndani ya mwaka mmoja hatuhamii popote. Sasa kama mwaka huu tutapanga kwa vyovyote vile, kwa nini nilipe milioni 3 na laki 6 kwa kujigawia nusu nusu wakati naweza kulipa milioni 3? Na huko Kibaha sio bure, dalali wa chumba anataka kodi ya mwezi mmoja yake, gari la kuhamisha vyombo, mtoto abadilishe shule katikati ya mwaka, na mimi niache mwendokasi ya hapa Kimara nianze kupanga nauli mpya kila siku kuja Kariakoo.

Lakini hesabu sio kitu kilichonisukuma zaidi. Kilichonisukuma ni ile haraka. Dalali alivyojua kodi yetu inaisha akaanza kupiga simu kila siku, mara kuna mtu kaja na hela, mara mwenye shamba anasafiri, mara nipeni hata advansi ya milioni moja niwashikie. Mtu mwenye tarehe ya kodi shingoni anakubali vitu ambavyo kwa utulivu asingekubali. Tulipouliza namba ya kiwanja na kitalu tuende ofisi ya ardhi kufanya search, yaani kuhakiki mmiliki ni nani, akasema hapa bado hapajapimwa ila upimaji unakuja, karatasi ya serikali ya mtaa inatosha. Haitoshi. Karatasi ya serikali ya mtaa inaonyesha kwamba mmeuziana, haikwambii kama kwenye mchoro wa mipango miji hapo pamewekwa barabara au shule au eneo la wazi. Na siku ukitaka mkopo wa nyumba benki, wanataka hati.

Sisi wa Kimara haya tumeyaona kwa macho. 2017 nyumba za pembeni ya barabara ya Morogoro kuanzia hapa Kimara mpaka Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi, watu wamekaa humo miaka, wamezalia humo, wamezikia humo. Ukipita bonde la Msimbazi ni hivyohivyo, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, na miaka minne baadae nyumba za bondeni zikawekwa X nyekundu, alama ya kuvunjwa. Wale watu hawakuwa wazembe. Walikuwa wanatafuta sehemu ya kuishi kama sisi.

Alafu kuna lingine, hilo shamba la Visiga ni eneo la marehemu baba yao hao wanaouza. Tukauliza nani msimamizi wa mirathi, karatasi ya mahakama iko wapi, tukaambiwa ndugu wote wamekubaliana. Kwangu hapo mazungumzo yaliisha. Jirani yetu mmoja alinunua kwa kaka mtu, dada wakaibuka baadae, kesi mpaka leo. Na hata kama sio mirathi, muuzaji akiwa na mke nataka mke asaini na yeye, sio kuambiwa yuko kijijini.

Kwa hiyo tumekubaliana tunalipa mwaka. Tutakaporudisha ile laki mbili na nusu kila mwezi kwenye mfuko badala ya kuitunza ya kodi, ndani ya miezi sita ile milioni moja na nusu imerudi, na akiba yetu ya kawaida juu yake. Tumemuomba mama tuandike kwenye mkataba kwamba bei haibadiliki mpaka mwaka uishe, na tukiondoka mapema turuhusiwe kuleta mpangaji wa kumalizia miezi iliyobaki. La kwanza amekubali palepale, la pili amesema mpangaji amuone kwanza yeye, sawa tu, nyumba yake.

Na ile laki sita tunayookoa hatuigusi kwa kitu kingine chochote, ni ya search na ya mpima wa kwenda nae saiti aangalie bikoni, yale mawe ya mipaka, kabla hatujatoa hata mia. Jumamosi tunaenda kuangalia viwanja vilivyopimwa upande wa Picha ya Ndege, hukohuko Kibaha, vidogo kuliko kile cha Visiga na bei imechangamka kidogo, ila namba za viwanja wametupa siku ileile tulipouliza.