Madaftari ya Mwalimu

Nilivuka Tunduma nikiwa na mabegi matatu, mto wa kulalia na miguu iliyovimba. Miaka 14 Johannesburg ikaishia kwenye foleni ya kugonga mhuri, nyuma ya dereva wa lori aliyekuwa anakoroma amesimama.

Barabara hiyo ukiipita kwa basi unapita nchi nne, na zote nne zimewahi kusimama wima kwa tuni moja ya wimbo wa taifa. Afrika Kusini wanaiimba mpaka leo, tangu 1997 ikiwa imeunganishwa na wimbo wao mwingine. Zimbabwe waliitumia kuanzia uhuru wao wa 1980 hadi 1994. Zambia waliichukua 1964 wakaitilia maneno yao. Sisi wa Mungu Ibariki Afrika tuliwatangulia wote, 1961. Abiria wenzangu niliwaeleza haya karibu na Chirundu, wakaniangalia kama mtu aliyekosa usingizi. Kweli nilikuwa nimeukosa.

Aliyeitunga hakuwa mtu mkubwa. Enoch Sontonga alizaliwa Uitenhage, akasomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, nje kidogo ya Johannesburg. Kwaya ya shule ilikuwa yake. Mwaka 1897, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwatungia wanafunzi wake Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Beti nyingine saba aliziongeza mshairi Samuel Mqhayi baadaye sana. Nyimbo zake Sontonga aliziandika kwenye daftari, kwa nota za solfa, zile za herufi za do, re, mi. Alifariki Aprili 1905 akiwa na miaka 32. Mjane wake, Diana, alibaki na daftari, na walimu wa kwaya wakawa wanakwenda kuliazima. Inasimuliwa kwamba haki za wimbo wenyewe aliziuza kwa peni sita. Daftari lilipotea, na leo hakuna anayeweza kukuonyesha.

Kaburi nalo lilipotea. Nilikuwa nafanya kazi Braamfontein, hapo Johannesburg alikozikwa, na Jumapili nyingine nilikuwa naingia makaburini pale kupumzika, maana ni pahali penye miti na hapana kelele. Wakati wa kulitafuta, kwenye miaka ya 1990, walilisaka kwa jina la Sontonga bila mafanikio, kumbe rejista ya makaburi ilikuwa imemwandika Enoch tu. Septemba 1996 likatangazwa kuwa urithi wa taifa. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa jiwe, nakula chipsi zangu, namfikiria baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Rungwe, na jioni mwalimu wa kwaya ya kanisani. Alifariki nikiwa huko. Sikuja kumzika, kwa sababu pasi yangu ilikuwa imelala miezi saba kwenye ofisi moja ikisubiri mhuri. Hilo sijalisamehe na wala sina haraka ya kulisamehe.

Mama alinipokea kwa mbalaga, akangoja nishibe ndipo akasema, "Sanduku la baba yako liko chini ya kitanda. Sijaligusa."

Ni sanduku la bati, lile alilokwenda nalo chuo cha ualimu. Nilitegemea kukuta madaftari kumi na moja, maana nikiwa mtoto mimi ndiye niliyekuwa nayawekea jalada la kaki na kuyaandika namba. Nilikuta matatu. Moja limeota ukungu. Mvua ya Tukuyu haiheshimu bati. Nikalifungua taratibu: d, r, m, f, nukta mbili kati ya pigo na pigo, kistari pale sauti inapovutwa. Mistari minne minne, sauti ya kwanza juu, besi chini. Besi aliiandika kwa wino mwekundu. Sababu yake naikumbuka: wanaume walikuwa wanapotea, wanaishia kuimba mstari wa wanawake.

"Mengine yako wapi, mama?"

"Walikuja kuazima."

Nilikasirika kwa siku mbili. Nilimwambia mama maneno ambayo hakustahili, habari za Diana na peni sita, naye akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama huyo Diana alikuwa na watoto wa kumsaidia.

Siku ya tatu ndipo nikaona ukurasa wa mwisho wa daftari namba 1. Baba alikuwa ameuchora kwa rula: jina, tarehe ya kuchukua, namba ya daftari. Aliyerudisha amekatwa kwa mstari ulionyooka. Waliobaki bila kukatwa ni sita.

Wa kwanza nilimpata jioni ileile, kwenye mazoezi ya kwaya. Ni kijana, baba alimfundisha tangu darasa la tatu. Daftari namba 4 alikuwa amelishika mkononi, gamba limeondoka, limeshonwa kwa uzi wa viatu. Wakaimba. Wimbo wenyewe niliujua, ila mstari wa tatu ulipanda mahali ambapo baba aliushusha.

Nikamwomba daftari.

"Dada, nikikupa, Jumapili tutaimba nini?"

Tukakaa kwenye benchi, nikapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu, yeye akinishikia tochi. Kwenye ule mstari wa tatu, f ya baba ilikuwa imekatwa kwa penseli, juu yake imeandikwa s. Akaona nimesita.

"Hiyo ni mimi," akasema. "Mwalimu mwenyewe aliiona. Alicheka tu."

Nikapiga picha na penseli yake. Namba 7, wanasema, iko Kyela. Jumamosi nitashuka.